Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kwa ujinga

Katika kitabu kidogo kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, matanga, majina ya watoto, ngoma na mengine ya mababu. Ni vizuri. Lakini leo nataka tuangalie kitu kilicho nyuma ya hayo yote, yaani namna tunavyoyatafuta. Kila anayeandika «mila ya watu wa hapa ni hivi», kuna mtu alimuuliza. Alimuuliza nani? Kwa lugha gani? Mbele ya nani? Na yule aliyejibu, alifikiri anaongea na nani? Mwandishi asipoweza kujibu maswali haya manne, kazi yake, hata ikijaa asilimia na michoro, ni nyumba juu ya mchanga. Sisi wa Munigi tunaojenga juu ya jiwe la volkano tunajua tofauti.

Nianze na mfano wa mlangoni. Vijana wawili wa proje moja walikuja kwa mama jirani yangu. Walikuwa na adabu, wamevaa jile, wameshika simu kubwa ya kuandikia. Wakauliza: «Mama, muko wangapi mu nyumba?» Akajibu: «Tuko tisa.» Wakaandika, wakaenda. Haikupita wiki mbili, akaja mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika juu ya gharama ya shule. Naye akauliza hilo hilo. Mama akajibu: «Tuko bane.» Mimi niliye jirani najua kwamba usiku wanalala pale watu sita.

Nilimcheka kidogo, nikamuuliza kwa nini anadanganya watu. Akakasirika. «Mwalimu, sikudanganya mutu. Bale ba kwanza, kisha kuandika chakula njo inakuyaka. Batoto batatu ya dada yangu banakulaka hapa kila siku, nibahesabie wapi? Ule wa pili alisema mambo ya shule. Nilimuhesabia benye banasoma, na miye mwenye nalipa. Si njo alikuwa anataka?»

Tazama. Mwanamke mmoja, nyumba moja, majibu mawili, na yote mawili yana akili ndani yake. Aliyekosa ni swali. Fomu ile ilifikiri kwamba «nyumba» ni kitu kinachojulikana, lakini kwetu kuna nyumba ya kulala, kuna chungu kimoja cha kula, kuna ukoo, kuna watoto walioletwa na vita. Kila moja ina hesabu yake. Tena kuna nyumba ambamo bibi hapendi watoto wahesabiwe kwa namba. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hivyo. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anakujibu: «Biko.» Kwake kuhesabu watoto kama mbuzi ilikuwa kuwaitia mabaya. Sasa mletee bibi wa namna hiyo kijana mgeni, swali la kwanza kabisa kwenye karatasi yake ni idadi ya watu. Ameshaharibu mazungumzo kabla hayajaanza.

Wengine watasema: hayo ni madogo, mbona dunia nzima inafanya kazi kwa takwimu? Kweli inafanya, na hata sisi tunazihitaji. Basi tuangalie takwimu mbili kubwa zilizotoka katika ardhi yetu, tuone zilivyotengenezwa.

Ya kwanza ni ya Julai 1994. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawawezi kusahau. Katika siku chache tu, kati ya tarehe 14 na 17, wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kujaa Goma na barabara ya kaskazini. Hapa Munigi penyewe palikuwa na kambi, na kolera ikaingia. Madaktari walioandika juu ya mwezi ule katika jarida la Lancet, mwaka 1995, walihesabu maiti zaidi ya 48,000 zilizookotwa. Hesabu hiyo ya waliokufa ni ya kuaminika kuliko ilivyo kawaida katika misiba kama ile, na sababu yake inahuzunisha: jiwe la volkano ni gumu, watu hawakuweza kuchimba makaburi. Maiti zililazwa kando ya barabara, malori yakapita kuzichukua, zikahesabiwa. Mahali pengine penye udongo laini wengi wangezikwa kimya kimya na hesabu ingepotea.

Lakini ili kujua ni sehemu gani ya watu waliokufa, unahitaji namba ya pili: walikuwa wangapi wote? Hapo hakuna aliyekuwa na hakika. Makadirio yalikuwa kati ya watu 500,000 na 800,000. Mwanafunzi wangu wa sekondari anaweza kufanya hesabu hiyo. Ukigawanya kwa 800,000 unapata 6 kwa mia. Ukigawanya kwa 500,000 unakaribia 10 kwa mia. Wafu ni wale wale, lakini ukali wa msiba unabadilika kwa sababu ya namba ya chini. Ninachowasifia waandishi wale ni kwamba hawakuficha. Waliandika namba zote mbili, wakamwachia msomaji kuona upana wa mashaka. Huo njo uaminifu wa mtafiti.

Ya pili ni ile mnayoisikia redioni na katika hotuba mpaka leo: watu milioni 5.4 waliokufa kwa ajili ya vita vya Kongo. Wengi wanaitaja kama vile kuna mtu aliyewahesabu mmoja mmoja. Sivyo. Shirika la International Rescue Committee lilifanya enketi tano kati ya mwaka 2000 na 2007. Enketeri waliingia katika nyumba zilizochaguliwa, wakauliza nani alikufa na lini. Kutokana na majibu hayo walikadiria vifo katika nchi, kisha wakatoa vile ambavyo vingetokea hata bila vita. Kilichobaki kikaitwa vifo vya ziada. Wengi wa marehemu hao hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, kikohozi cha mapafu na njaa, mahali ambapo dawa na barabara zilikuwa zimekufa kabla yao.

Swali gumu ni lile la kati: bila vita wangekufa wangapi? Watafiti walichukua wastani wa Afrika kusini ya Sahara, karibu vifo 1.5 kwa watu 1,000 kila mwezi. Enketi ya mwisho ilikuta Kongo vifo 2.2. Toa 1.5, inabaki 0.7. Lakini Kongo, hata kabla ya vita, hospitali na barabara zake zilikuwa katika hali mbaya kuliko nchi nyingi. Ukisema kipimo cha haki ni 2.0, inabaki 0.2 tu, yaani chini ya theluthi moja. Namba moja iliyochaguliwa mezani, mbali na kijiji chochote, inaongeza au kupunguza mamilioni ya wafu. Tena zile enketi za kwanza zilifanywa katika sehemu chache za mashariki ambazo hazikuchaguliwa kwa kura. Mwaka 2010 watafiti wa Human Security Report huko Kanada waliyasema hayo waziwazi. Kabla yao wanademografia wawili Wabelgiji, Lambert na Lohlé-Tart, walikwisha kutoa kadirio lililo chini sana, karibu 200,000.

Naomba nisieleweke vibaya. Mtu wa Kivu hahitaji kuambiwa na jarida kwamba watu walikufa, makaburi tunayo. Kuuliza hesabu ilivyofanywa si kuwakana marehemu. Kinyume chake, namba isiyoweza kutetewa ni hatari kwa wafu wenyewe, kwa sababu siku adui akiibomoa, atasema: mnaona, hata vita ilikuwa uongo. Shina la shida liko kwetu: sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984, na tangu hapo hakuna nyingine iliyokamilika. Kila anayesema «watu wa Nyiragongo ni kadhaa» anakisia juu ya makisio ya mwenzake. Na watu wenyewe hawatulii. Tangu mwisho wa mwaka 2022 hapa jirani, Kanyaruchinya, palijaa waliokimbia vita, wakaandikwa na kuandikwa tena. Januari 2025 vita vikaingia Goma, Februari kambi zikavunjwa, na waliokuwa katika orodha hizo wakatawanyika.

Sasa niache wakubwa, nirudi kwetu walimu na wanafunzi, maana kidole kimoja kinachoonyesha, vitatu vinakurudia.

Chukua kazi za mwisho wa masomo, zile TFC na memwari zinazojaa vumbi katika maktaba zetu. Zina sura moja kama mapacha. Zinaanza na tatizo, zinafuata hipoteze, kisha orodha ya metode na tekinike, halafu majedwali. Waliohojiwa mara nyingi ni 100 kamili. Kwa nini 100? Kwa sababu asilimia inakuwa rahisi kuhesabu! Wamechaguliwaje? «Tuliwachukua kwa bahati», maana yake: tuliwakuta njiani. Na mwishoni, karibu kila mara, sentensi ile ile: hipoteze zetu zimethibitishwa. Nimeshakaa miaka mingi katika ualimu. Kazi ambayo mwandishi wake anasema «nilidhani hivi, kumbe nilikosea» naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini kama utafiti hauwezi kukuonyesha umekosea, ulikwenda kutafuta nini?

Mimi pia nilifanya hivyo hivyo, na matokeo yake yalinifuata. Kwa diplome yangu niliandika juu ya urithi wa shamba kwa desturi za hapa. Niliwauliza wazee watatu, wote wanaume, wote wa jamaa moja, kwa sababu mmoja alikuwa rafiki ya baba na alinikaribisha vizuri. Niliuliza kwa Kiswahili cha shule, nikaandika Kifaransa. Mtoto wa kiume wa mzee alikuwa amekaa hapo hapo akisikiliza. Nikaandika ukurasa mmoja mzuri: «Kwa mila, binti hapati shamba.» Nilipewa alama nzuri.

Miaka ikapita, mji wa Goma ukapanda mpaka kwetu, shamba la viazi likawa palseli ya bei kubwa. Siku moja niliitwa kwenye barza ya mutaa. Ndugu watatu walikuwa wanamnyima dada yao, mjane, kipande cha shamba la baba. Mkononi walikuwa na fotokopi. Ilikuwa ukurasa wangu. «Mwalimu mwenyewe aliandika, ni kitabu.» Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi mmoja mzee aliyekuwa amekaa pembeni akaniuliza swali moja tu: «Nani alikuambia?» Nikataja wale watatu. Akatikisa kichwa: «Na wanawake, uliuliza nani?» Sikuwa na jibu.

Barza ikaweka karatasi kando. Wakaitwa wabibi wawili, wakaeleza kwamba katika kizazi chao kulikuwa na mabinti waliopewa kipande na baba akiwa hai, hasa aliyerudi nyumbani mjane, na wakataja majina na mipaka ya mashamba hayo. Dada alipata sehemu yake. Ingekuwa bila bibi yule, kazi yangu ya alama nzuri ingemfukuza mtu kwa baba yake, hata ingawa sheria ya familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto wote, wa kike na wa kiume, katika daraja moja la warithi.

Toka siku hiyo ninasema: barza ina metode kuliko nilivyofundishwa. Haimsikilizi shahidi mmoja. Inauliza: uliona mwenyewe au uliambiwa? Aliyekuambia alitoa wapi? Una faida gani katika neno hili? Kisha inamwita wa upande mwingine. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi kwa Wakuba wa Kasai katika miaka ya 1950, alitoa mwaka 1961 kitabu juu ya mapokeo ya mdomo kilichosomwa dunia nzima. Mafundisho yake makubwa yanafanana na hayo: fuata mnyororo wa waliosimuliana, kusanya masimulizi mbalimbali ya jambo moja, yalinganishe, na uangalie nani ana haja ya kuisimulia hivyo. Wazungu waliita hiyo sayansi ya historia. Bibi yule aliita «Nani alikuambia?»

Kuna jambo lingine ambalo fomu haiwezi kushika. Mwaka 1986 huko Lubumbashi, mtaalamu Johannes Fabian alisikia msemo juu ya mamlaka, kwamba huliwa mzima, hayagawanywi. Akawauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo maana yake. Wale watu hawakumpa tafsiri ya mstari mmoja. Walikaa, wakabishana, wakatunga mchezo mzima kwa Kiswahili cha Shaba, wakauonyesha. Fabian alikuwa na akili ya kutambua kwamba mchezo wenyewe ndio jibu, pamoja na mabishano yaliyoutangulia, na mwaka 1990 akaandika kitabu juu yake. Kuna maarifa ambayo mtu hawezi kukuambia akiwa amekaa kitini. Anaweza kuyafanya tu, na wewe uwepo. Ukitaka kujua matanga, nenda matangani ubebe maji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shida ya enketeri wetu ni kwamba anaondoka siku ya kwanza saa sita mchana. Jembe lenyewe halioni.

Nao enketeri tusiwaonee. Mara nyingi ni wanafunzi wetu wa zamani, wanalipwa kidogo, wanatakiwa kujaza fomu nyingi kwa siku, wanapita mahali pa hatari, na jina lao halionekani kwenye jalada. Tangu mwaka 2019 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji wamelisema jambo hili waziwazi katika maandishi yaitwayo Bukavu Series, yenye vichekesho vya mchoraji Tembo Kash. Mtu anayelipwa kwa fomu atajaza fomu, hata chini ya mti wa avoka. Anayetaka ukweli amlipe kwa muda na amsikilize anaporudi, maana yeye njo aliyeona uso wa aliyejibu.

Basi tufanye nini? Siandiki ili watu waache kutafuta. Wazee wanaenda, na kila anayezikwa anazikwa na maktaba yake. Kwa vijana watakaoandika katika vitabu vyetu vijavyo naomba mambo machache.

Kwanza, jitambulishe kwa ukoo na kwa kazi, si kwa karatasi ya chuo tu. Sema wazi kwamba huleti chakula wala kodi. Kisha uangalie kama umeaminiwa. Kama hujaaminiwa, rudi siku nyingine.

Pili, uliza kwa lugha ambayo mtu anaombolezea. Kama ni Kikumu, uliza Kikumu. Kama ni Kinyarwanda au Kinande, vivyo hivyo. Andika neno lenyewe alilolitumia kabla ya kulitafsiri. «Mila», «desturi», «sheria» na «mazoea» si kitu kimoja.

Tatu, usiulize miaka kwa namba. Mama ambaye hajui alizaliwa lini anajua vizuri kwamba mlima ulipotema moto Januari 1977 alikuwa na mtoto mgongoni, ule wa Januari 2002 ulimkuta na wajukuu, na ule wa tarehe 22 Mei 2021 alikimbia kwa mkongojo. Moto wa Nyiragongo ni kalenda yetu.

Nne, tafuta mtu wa kukupinga. Ukiuliza wanaume, uliza wanawake. Ukiuliza jamaa ya mwami, uliza pia wasio na cheo. Ukikuta wote wanasema sawasawa, jiulize nani alikuwa amekaa karibu nao.

Tano, rudisha. Kabla ya kuchapa, rudi usome mbele ya waliokuambia, kwa sauti na kwa lugha yao. Watacheka, watakurekebisha, wengine watagombana. Yaandike yote, hata magomvi. Na mahali usipojua, acha wazi kama wale madaktari wa 1994 walivyoandika namba mbili.

Ukurasa wangu wa urithi bado uko maktabani, siwezi kuuchana. Nilichofanya ni kwenda na kalamu na ruhusa ya mwenye maktaba, nikaandika pembeni: «Waliulizwa wanaume watatu wa jamaa moja. Wanawake hawakuulizwa.» Ni mistari miwili tu. Lakini atakayetoa fotokopi tena, atoe na hiyo mistari.